Alama Nyeupe Shambani: Kwa Nini Usiifute

Mwananchi akikuta msalaba mweupe umepakwa rangi kwenye mwamba shambani mwake, kisha droni ipite juu ya boma, wazo la kwanza huwa moja: shamba linapimwa ili linyakuliwe. Wasiwasi huo unaeleweka. Hata hivyo, kwenye miteremko yetu, alama kama hiyo inaweza kuwa ya kuchunguza maporomoko ya ardhi.

Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, maporomoko yaliwaua zaidi ya watu 40 katika Kaunti ya Pokot Magharibi baada ya mvua kubwa. Wakati mwingine mlima hujongea sentimita chache chache kwa miezi kabla ya kuachia, na macho yetu hayaoni mwendo huo.

Jaribu hivi. Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha la pili. Kidole kitaonekana kuruka. Kitu cha mbali huruka kidogo kuliko cha karibu. Droni hutumia ujanja huo huo. Hupiga mamia ya picha zinazopandana, mara nyingi kwa asilimia 70 au 80. Kompyuta hutafuta jiwe au kisiki kile kile katika picha nyingi, ikakokotoa kilipo na kimo chake, hadi sura nzima ya mteremko ipatikane. Kazi hii huitwa fotogrametria. Si ngeni: hata ramani za zamani za 1:50,000 za nchi hii zilichorwa kutokana na picha za angani.

Baada ya miezi droni hurudi, na sura mbili hulinganishwa. Hapo ndipo msalaba unapohitajika. Huwekwa pasiposogea, na mpimaji hujua ulipo kwa usahihi wa sentimita. Ukifutwa, vipimo vinaweza kupotoka kwa mita kadhaa, na mteremko uliosogea sentimita 20 usigunduliwe.

Picha peke yake haibadilishi mpaka wala hatimiliki. Waulize wahusika kazi yao, na uombe kuona idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA).

Lakini penye msitu mnene droni huona majani, si udongo. Ukiona ufa mpya, miti iliyoanza kuinama, mlango unaokwama ghafla au maji yakibubujika palipokuwa pakavu, usingoje picha. Ondokeni kwanza, kisha mjulisheni chifu au naibu wake.