Tuijue Kompyuta (3): Kosa Linalohamahama

Oktoba 2022 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijikuta amekwama. Ulikuwa msimu wa kupokea mabadiliko ya toleo la 6.1, kipindi ambacho yeye hukompaili kiini cha mfumo huo tena na tena. Kompaila ikaanza kuanguka ovyo kwenye kompyuta yake kubwa ya kazi. Alichoshuku kwanza ni kile ambacho yeyote kati yetu angekishuku: msimbo mpya aliotoka kuupokea. Akausaka ubaya humo, kumbe haumo. Kilichokufa ni kipande cha RAM, tena kilichokuwa kimefanya kazi bila tatizo kwa zaidi ya miaka miwili. Ikabidi ahamie kwenye laptopu huku akingoja RAM nyingine iletwe.

Katika sehemu mbili zilizopita tulishughulika na makosa ya msimbo na maktaba zinazokosekana. Hayo ndiyo mengi, na mtu anayekimbilia kuilaumu mashine kila kompaila inapogoma hupoteza muda wake bure. Lakini yako makosa ambayo ukisoma msimbo mpaka macho yaume hutayaona, kwa kuwa hayamo.

Dalili yake kuu ni kuhamahama. Umeanzisha kazi yenye mafaili elfu kadhaa. Inakwenda vizuri, kisha inakatika: kompaila inasema imepata hitilafu ya ndani, au imepigwa ishara namba 11, ambayo Linux huipa programu iliyogusa anwani ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Hujabadilisha chochote, unaamuru tena. Faili lile lile sasa linapita, na kazi inakatikia mbele, kwenye faili jingine. Kosa la msimbo halina tabia hiyo. Msimbo mbovu hukataliwa pale pale, mstari ule ule, leo na kesho. Kompaila ya GCC katika baadhi ya matoleo ya Linux imefundishwa jambo hili: ikianguka hujirudia yenyewe, na anguko lisipojirudia humwambia mtumiaji kwamba huenda tatizo ni la mashine au la mfumo endeshi.

Kwa nini kompaila iumbuke wakati sinema inacheza vizuri kwenye mashine hiyo hiyo? Biti moja ikigeuka ndani ya picha, nukta moja kati ya mamilioni hubadilika rangi kidogo, na hakuna atakayeiona. Kompaila haina anasa hiyo. Inapousoma msimbo hujenga kwenye RAM mtandao mkubwa wa vipande vya taarifa, kila kipande kikibeba anwani ya kingine. Biti ya 30 ya anwani mojawapo ikigeuka kutoka 0 kuwa 1, anwani hiyo inaruka baiti 1,073,741,824, na huko ilikotua hakuna kitu. Ongeza kwamba kazi yenyewe huijaza RAM na kuzishughulisha kore zote za prosesa kwa dakika nyingi mfululizo, joto likipanda na umeme ukivutwa kwa wingi. Ndiyo maana miaka ya 1990 Mholanzi Rogier Wolff aliandika mwongozo mzima kuhusu ishara 11, akieleza kwamba mara nyingi chanzo chake ni vifaa, RAM ikiwa mbele.

Kuna hali moja inayowapoteza hata mafundi wazoefu. Linux ikishasoma faili kutoka kwenye diski, hubaki na nakala yake kwenye RAM ili isilisome upya. Nakala hiyo ikiangukia sehemu mbovu, kosa huacha kuhama, likajifanya la msimbo. Neno «int» linaweza kugeuka «ynt», kwa kuwa herufi i ni 105 na y ni 121, tofauti ya biti moja tu. Unafungua faili kwa macho yako, unaiona «ynt», unaapa kuwa kuna mtu kaligusa. Ukizima mashine na kuiwasha, inarudi «int». Usilihifadhi faili la namna hiyo kabla ya kuwasha upya, maana utakuwa umeupeleka uharibifu kwenye diski.

Basi tuanze kupima. Kabla ya kufungua kasha, rudisha kasi ya RAM na ya prosesa kwenye viwango vya kawaida katika BIOS. Kasi za kujiongezea ni mshukiwa wa kwanza, na kuziondoa hakugharimu kitu. Kisha weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iwashe mashine kwa flashi hiyo, na uiache usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, usibishane nayo. Isipoonyesha, bado usiitangaze RAM kuwa salama, kwani jaribio hilo haliichemshi prosesa kama kompaila inavyofanya. Toa vipande vya RAM, ukompaili ukiwa na kimoja kimoja. Fundi wa mtaani atakisugua meno kwa ufutio kabla ya kukirudisha. Usimcheke, uchafu hapo huvuruga mguso. Kwenye mashine za mtumba zinazofanya kazi katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, tazama pia vumbi kwenye feni, na ile dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa, ambayo ikizeeka hukauka.

Tahadhari moja: kazi ikikatishwa kwa ishara namba 9, huenda RAM ni nzima ila ni ndogo. Mfumo umeiua kompaila ili ujiokoe. Punguza idadi ya kazi zinazokwenda sambamba.

Na prosesa yenyewe? Ni nadra, ila imetokea. Mwaka 1997 baadhi ya prosesa za AMD K6 zilishindwa kukompaili Linux kwenye mashine zenye RAM ya zaidi ya megabaiti 32. Mwaka 2017 prosesa za mwanzo za AMD Ryzen zilianguka zikipewa kazi nyingi za GCC kwa pamoja. AMD ilikiri, ikawabadilishia wateja. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel, na prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilizodhurika kwa volti iliyozidi. Kampuni ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Mwenye prosesa ya aina hiyo asasishe BIOS kwanza.

Dawa ya kudumu ipo: RAM ya ECC, ambayo kwa kila biti 64 huweka 8 za ziada, ikasahihisha kosa la biti moja na kugundua la mbili. Ndiyo aliyoiagiza Torvalds. Kwa maoni yangu, kuifanya bidhaa ya seva tu kwa miaka yote hii ni uchoyo wa kibiashara.

Juma lijalo tutaingia kwenye diski. Kwa sasa, kabla hujawaandikia watengenezaji wa kompaila kwamba programu yao ni mbovu, ikompaili kazi hiyo hiyo kwenye mashine ya jirani.