Kabla ya kuamini rangi za kompyuta, kanyaga mkebe wa soda

Chukua mkebe mtupu wa soda ambao haujabonyea popote. Usimamishe sakafuni, shika ukuta, kisha uupande polepole kwa mguu mmoja. Kama wewe si mzito sana, utakubeba. Sasa mwambie rafiki yako aguse ubavu wake kwa kijiti kirefu. Pap! Umekuwa chapati.

Mkebe ni ule ule, uzito wako ni ule ule. Kilichobadilika ni kibonyeo kidogo tu. Wahandisi huita hii baklingi: ganda jembamba linajikunja ghafla, hata kabla malighafi yenyewe haijafika mwisho wa nguvu zake.

Inakuhusu nini? Panda matatu kutoka Kitale hadi Bungoma uhesabu maganda membamba: matangi ya maji, malori ya mafuta, maghala ya nafaka. Watu wengi hudhani mahindi ghalani husukuma ukuta kwa nje tu. Kumbe pia huusugua na kuuvuta chini! Mjerumani Janssen alichapisha hesabu ya jambo hilo mwaka wa 1895. Ukuta wa ghala unabanwa kama mkebe wako.

Sasa tuseme una wazo la kuunda ghala dogo la faibaglasi, lisiloshika kutu. Poa sana. Huhitaji leseni ya mamilioni kulijaribu kwenye laptopu. CalculiX, kwa mfano, ni programu ya bure, na haikuulizi cheti. (Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hilo nimelipenda.) Inakata ganda kuwa vipande vidogo viitwavyo elementi, inapiga hesabu ya kila kimoja, kisha inaviunganisha.

Faibaglasi si bati

Shika gunia la nailoni. Livute kufuata nyuzi: halitoi. Livute kimshazari: linanyooka. Faibaglasi iko hivyo pia. Nguvu yake inategemea nyuzi zimelala upande gani, ndiyo maana hupangwa tabaka kwa tabaka: nyingine wima, nyingine za kuzunguka, nyingine nyuzi 45.

Hapo ndipo wengi huteleza. Lazima uiambie programu unene wa kila tabaka, pembe yake, na mpangilio wake kutoka ndani hadi nje. Tabaka zile zile ukizipanga tofauti, ugumu wa ukuta unapojipinda hubadilika, kwa sababu tabaka za pembeni hufanya kazi kubwa kuliko za katikati. Pia hakikisha pembe zinapimwa kufuata mviringo wa ghala. Ukikosea, programu haitalia. Itakupa picha safi yenye rangi tamu, na jibu la uongo.

Gunia 100 au 22?

Hata ukipanga kila kitu sawa, jibu la kwanza la programu ni la ganda lisilo na dosari. Lako litakuwa nazo: resini imejaa hapa, mviringo umekosea kidogo pale.

Mholanzi Warner Koiter alieleza mwaka wa 1945 kwa nini dosari ndogo huangusha ganda kubwa. NASA nayo ilitoa mwongozo mwaka wa 1965, ikaurekebisha 1968. Chukua pipa tupu la bati, nusu kipenyo mita 1, unene milimita 1, linalobanwa kutoka juu. Hesabu safi ikisema litabeba gunia 100, mwongozo ule unakuambia utegemee kama 22. Ishirini na mbili, msee!

Kwa hivyo usiishie kwenye jibu la kwanza. Chukua umbo la kubonyea ambalo programu imekuonyesha, liingize kwenye ganda lako kama dosari ndogo, tuseme sawa na unene wa ukuta. Kisha ongeza mzigo kidogo kidogo hadi lishindwe. Punguza ukubwa wa elementi, rudia. Jibu likibadilika sana, bado hujafika.

Halafu toka nje. Unda moja, pima vibonyeo vyake kwa rula, lipakie magunia ya mchanga hadi livunjike, watu wakiwa mbali. Ulinganishe na laptopu yako.

Ni kazi, najua. Lakini siku utakayouza ghala lako la kwanza, ndani yake kutakuwa na karo ya mtoto wa mtu. Heri livunjike mikononi mwako likiwa na mchanga.