Kisima Kilipojibu Hapana

Jioni ya tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, wachimbaji wa mtambo wa Deepwater Horizon walibakiwa na kazi moja kubwa kabla ya kukifunga kisima cha Macondo na kuondoka. Walitakiwa kuhakikisha kwamba saruji iliyomiminwa chini kabisa imeziba. Kipimo chake hakina fumbo. Sehemu ya tope zito linalozuia mafuta na gesi kupanda huondolewa na kubadilishwa kwa maji ya bahari, presha iliyobaki huachiliwa mpaka ifike sifuri, kisha watu husubiri. Saruji ikiwa imeshika, sifuri hubaki sifuri. Presha ikirudi, kuna kitu kinasukuma kutoka chini.

Ilirudi. Wakaiachilia, ikarudi tena, mpaka geji ya bomba la kuchimbia ikasoma pauni 1,400 kwa inchi ya mraba. Wakageukia bomba jingine, jembamba, linaloingia katika kisima hichohicho. Hilo likakaa kwenye sifuri kwa nusu saa. Mabomba mawili yanayofika mahali pamoja yalipaswa kusoma sawa, na tofauti ile ilitosha kusimamisha kazi. Badala yake yakapatikana maelezo: kwamba uzito wa tope lililo juu unaubonyeza mpira wa kuzibia kisima, na mpira huo ndio unaosukuma presha kwenye bomba. Wataalamu waliochunguza baadaye walisema maelezo hayo hayaingii akilini. Lakini usiku ule yalikubalika, na kufikia saa mbili kipimo kikahesabiwa kuwa kimefaulu. Kabla ya saa nne mtambo ulilipuka. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87.

Waliokuwa pale hawakukosa elimu wala uzoefu. Tazama siku yao ilivyokwenda. Mradi ulikuwa umechelewa kwa wiki kadhaa na kupita bajeti kwa mamilioni ya dola. Mtambo ulikuwa umemaliza miaka saba bila ajali ya kumtoa mtu kazini, na siku hiyo wakubwa wa kampuni walikuwa wageni humo. Asubuhi, timu iliyoletwa kuipima saruji kwa vifaa maalumu ilirudishwa nchi kavu bila kuigusa kazi, kwa sababu umiminaji ulionekana kwenda vizuri. Hivyo ilipofika jioni, swali halikuwa tena kama saruji imeshika. Lilikuwa: kwa nini geji inasoma hivi wakati saruji imeshika? Mtindo huu wa kufikiri wanasaikolojia huuita mwegemeo wa kuthibitisha. Akili ikishaamua, kila dalili inayopinga hugeuka kitendawili kinachotafutiwa jibu la kutuliza.

Tume ya taifa ya Marekani iliyotoa ripoti yake Januari 2011 ilibaini jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: hakukuwa na kanuni ya serikali wala mwongozo ulioandikwa wa sekta nzima uliosema kipimo hicho kifanyweje na kisomweje. Laiti kungekuwa na karatasi, iliyosainiwa mapema, inayosema kwamba presha ikirudi kwenye bomba lolote kazi inasimama, hadithi ya mpira isingepata pa kukaa. Kigezo cha kufeli huwekwa kabla ya matokeo. Baada ya matokeo, kila mtu ni wakili wa alichokwisha kukiamini.

Kumwambia mhandisi awe mwangalifu hakusaidii sana, na sekta hii imelijua hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1976 Ed Capen, mhandisi wa kampuni ya Atlantic Richfield, aliandika juu ya majaribio aliyowapa wenzake. Aliwauliza maswali yenye majibu ya namba, na badala ya namba moja akataka kiwango cha chini na cha juu ambacho wana uhakika wa asilimia 90 kwamba jibu limo ndani yake. Wangekuwa wanajijua vizuri, wangepata tisa kati ya kumi. Walipata chini ya nusu. Watu hao hao ndio hukadiria akiba ya mafuta na gharama za visima.

Katika ratiba nako, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha chanzo cha kosa: mpangaji huutazama mradi wake kwa ndani, hatua kwa hatua, na kusahau miradi iliyotangulia. Anayetaka kujua gauni lake la Idi litakuwa tayari lini asimuulize fundi amebakiza mishono mingapi. Awaulize waliompelekea nguo mwaka jana.

Kosa hilo la ratiba lipo hata Afrika Mashariki. Uganda iligundua mafuta ya kibiashara mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, pamoja na bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, ukatangazwa Februari 2022. Kenya ilishangilia kisima cha Ngamia-1 huko Turkana mwaka 2012. Kote kuwili tarehe ya mafuta ya kwanza imesogezwa mara kwa mara. Watetezi watataja migogoro ya kodi, mabadiliko ya njia ya bomba na kuporomoka kwa bei mwaka 2014. Ni kweli, lakini mambo ya aina hiyo hutokea karibu kila mradi mkubwa, na makadirio yasiyoyaachia nafasi ni matumaini tu.

Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, ana zoezi linalofaa sana ofisi zetu, ambako mdogo hampingi mkubwa hadharani. Kabla ya kusaini, kikao kinaambiwa kwamba miaka mitano imepita na mradi umekufa. Kila mmoja aandike, kimya kimya, kilichouua. Mhandisi kijana aliyekuwa akimeza wasiwasi wake sasa ameamriwa auseme, na bosi hawezi kumwita mkorofi.

Mazungumzo ya kiwanda cha gesi asilia iliyosindikwa cha Lindi yamekwenda kwa miaka mingi, na ahadi nyingine zitakuja. Wabunge na waandishi wa habari, tarehe itakapotangazwa, ulizeni miradi ya aina hiyo ilichukua miaka mingapi kwingineko, na ni matokeo gani, yaliyoandikwa leo, yatakayowafanya wahusika wasimame.