Kivuli cha Lwanda Magere

Watoto, mwaka 2000 stima ilikuwa ya zamu. Mvua ilikosa, mabwawa ya Mto Tana kama Masinga yakakauka maji ya kuzungusha mitambo, na jioni zetu kule Buruburu, Nairobi, zikawa za mshumaa. Televisheni kimya. Hapo ndipo mimi, dadangu na majirani wawili tulipoujua mchezo ninaoupenda mpaka leo.

Jirani mmoja alinunua kitabu kwa wale wa inama, wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini, nawe huinama kuchagua. Kiliitwa Dungeons & Dragons, mchezo wa Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka 1974. Kurasa kadhaa zilikuwa zimeng'oka. Tena mchezo huo unataka dadu yenye pande 20, na sisi tulijua ya ludo tu.

Unachezwaje? Mmoja huwa msimulizi. Wengine kila mtu ana shujaa wake. Msimulizi anakueleza uko wapi na mbele yako kuna nini, kisha anauliza: unafanya nini? Jibu lolote lafaa. Naruka ukuta. Namdanganya mlinzi kwamba mimi ni mpishi. Jambo likiwa na shaka unarusha dadu, na hata msimulizi mwenyewe hana budi kuikubali nambari iliyotoka. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mnaokoka pamoja au mnaangamia pamoja, na kesho hadithi inaanzia pale ilipolala.

Dadu tulijitengenezea. Tulikusanya vizibo 20 vya soda, tukavikwaruza nambari kwa msumari, tukavitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kimbo. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kutazama.

Mashujaa wa kitabuni waliishi kwenye ngome na theluji. Wakatuchosha mapema. Tukaenda kuwatafuta wengine katika hadithi za nyanya zetu, maana kwetu Eastlands kila mlango una kwao. Mwenye kitabu akawa Fumo Liyongo, malenga wa pwani aliyeletewa tupa ndani ya mkate akiwa kifungoni. Basi kila usiku aliruhusiwa kutoa kitu kimoja mkateni. Dadangu akawa Mekatilili wa Menza, shujaa wa kike wa Wagiriama. Waingereza walimfunga Kisii, akatoroka, akarudi Giriama kwa miguu, kwa hiyo yeye hakuchoka safari. Jirani wa pili, ambaye nyanyake alitoka Kano, alikuwa Lwanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe. Mkuki haukumwingia, ila ukichomwa kwenye kivuli chake.

Msimulizi nilikuwa mimi. Usiku mmoja walikuwa wamejibanza chini ya daraja la Mto Nairobi, karibu na Gikomba, adui amewafikia.

"Magere," nikasema, "anakutazama. Sasa anatazama ukuta ulio nyuma yako."

Sote tukageuka. Ukutani pale sebuleni kivuli cha jirani yetu kilikuwa kimesimama, kikubwa hadi darini, kikiyumba pamoja na mwali.

"Amekiona kivuli chako. Anainua mkuki. Unafanya nini?"

Hakujibu. Aliinama, akauzima mshumaa kwa pumzi moja.

Giza totoro. Kitabuni hapakuwa na kanuni ya jambo kama hilo, na mwili ulinisisimka. Nikamwambia achomoe kizibo: kumi na moja kwenda juu, mkuki umekosa. Tukasikia mkebe ukitikiswa.

"Kiberiti kimeisha?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Mama, usiwashe, tafadhali!" Mwanga ukirudi, kivuli nacho kinarudi.

Magere akakipapasa kizibo kwa kidole gumba, polepole. "Moja," akanong'ona. "Halafu..." Akanipa. Nikapapasa: mstari ulionyooka, kando yake mwingine uliokunja kona. Sikusema kitu. Nikampa dadangu, dadangu akampa Liyongo, naye akapitisha kidole mara mbili kwenye ile mikwaruzo kabla ya kusema, "Kumi na saba."