Unataka Beshte Yako wa Kisii Asome Kitabu? Wacha Kumpa Kile Unapenda Wewe

KCSE ikiisha, ile riwaya uliyopigia mistari na kalamu za rangi tatu inaenda wapi? Kwa mdogo wako, ama jikoni kuwasha moto. Wengi wetu huku Kisii na Nyamira tuliachana na vitabu siku hiyo, juu tulizoea kusoma tukingoja swali la alama ishirini.

Kuna binamu yangu mwenye boda pale Keroka. Nilimpa kitabu cha kutafuta mafanikio, nikakisifu wee. Baada ya wiki mbili nikakipata chini ya mguu wa meza. Meza ilikuwa imetulia, hiyo siwezi kataa.

Kosa lilikuwa langu. Huyo msee hapendi mawaidha, anapenda kubishana. Kwa steji utampata akipigia watu kelele kuhusu ukoo gani ulifika wapi kwanza. Sasa mtu kama huyo unampa historia. William Ochieng' aliandika A Pre-colonial History of the Gusii of Western Kenya, ikatoka 1974. Mjaluo kuandika historia ya Wagusii! Hiyo peke yake inatosha kuwasha steji mzima.

Nikamwongezea stori ya 1908, vile Otenyo alimdunga mkuki afisa Mwingereza, Northcote, baada ya kuchochewa na Moraa, yule mama mtabiri. Otenyo wengi wanamjua. Chenye hawajui ni kwamba Northcote alipona, na 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Binamu alizima pikipiki.

Hiyo ndiyo siri ya kupendekeza kitabu: unaanza na maswali ya mtu, halafu unamwambia tukio moja tu, unanyamaza pale pametamu. Ukianza na "maudhui" na "ploti," umemrudisha darasani.

Mada nazo ni nyingi kuliko vile tulidanganywa. Dada yako amepata mtoto wa kwanza na kila shosho wa kijiji anamfunza kazi? Kuna Child Care and Culture ya Robert LeVine na wenzake, 1994. Waliangalia vile mama wa Kigusii analea mtoto, wakalinganisha na akina mama wa Boston, Marekani. Kizungu chake ni kizito kidogo, so msomee vipande mkikunywa chai. Mwenye anapenda safari, mpe Siku Njema ya Ken Walibora: kijana anatoka Tanga anakuja Kenya kutafuta babake. Na kama ni wa mashairi, Christopher Okemwa alianzisha tamasha la Kistrech hapa hapa Kisii, na washairi wamekuwa wakitoka ng'ambo kuja.

Kuna kitabu kimoja ningekipeleka kabla Disemba ifike. Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet ni stori ya Taiyo na Resian, dada wawili Wamaasai wanaolazimishwa kukeketwa na kuozwa. Usiseme hiyo ni ya Narok. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulipata karibu asilimia 84 ya wanawake Wakisii wamekeketwa, na sheria ya kupiga marufuku ilikuwepo tangu 2011. Huwezi kuingia kwa nyumba ya watu ukaanza kuhubiria mama mkubwa mambo hayo, atakufukuza na fimbo. Lakini msichana wa darasa la saba akisoma kuhusu Resian anajua kuna mwenye alikataa. Na ukiweza, babake pia asome.

Doo si lazima. Maktaba ya umma iko Kisii mjini, na vya mitumba huuzwa barabarani. Ukimwazima mtu chako, usimuulize kila siku amefika wapi, wewe si mwalimu wa zamu.

Binamu sasa anataka kujua Northcote alienda kufanya nini Hong Kong. Meza yake nayo imeanza kutikisika tena.