Filamu Ikiisha, Vitu Vyake Huenda Wapi?



Katika vibanda vya video watu hutazama filamu za ajabu. Wanaona majoka yanayotema moto, watu wanaoruka angani, na miji isiyokuwepo duniani. Wengine huuliza: "Je, zile nyumba na zile panga ni za kweli? Na filamu ikiisha vinapelekwa wapi?" Leo tutalieleza jambo hilo.

Vitu vingi vya filamu hutengenezwa vidumu kwa muda mfupi tu. Kamera huona upande mmoja, basi fundi hujenga upande huo huo mmoja. Mlango mzuri huenda hauna chumba nyuma yake. Ukuta wa mawe huenda ni mbao nyembamba zilizopakwa plasta na rangi. Kazi ikiisha, vitu hivyo hubomolewa, huuzwa au huachwa.

Tutazame nchi ya Tunisia, huko kaskazini ya Afrika yetu. Katika mji wa Matmata wenyeji walichimba nyumba zao ardhini ili wakwepe joto. Wazee wa Mbulu hawatashangaa, maana Wairaqw nao walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima. Mwaka 1976 watengeneza filamu wa Marekani walikwenda Matmata kupiga filamu ya Star Wars, yaani vita vya kwenye nyota. Nyumba moja ya ardhini, ambayo ni hoteli, waliifanya kuwa nyumba ya kijana wa hadithi hiyo. Nyumba hiyo ipo hadi leo, kwa sababu ilikuwa nyumba ya kweli na watu wanaitumia.

Lakini miaka ya 1990 walijenga mji mzima wa bandia jangwani, katika nchi hiyo hiyo. Hapakuwa na mwenyeji wa kuishi humo. Kilima cha mchanga, kikisukumwa na upepo karibu meta 15 kila mwaka, kikaanza kuumeza. Ilibidi watu waende kuuondoa mchanga.

Sasa twende mbali zaidi, New Zealand. Mwaka 1999 kijiji cha watu wafupi wa hadithi kilijengwa katika shamba la kondoo huko Matamata, kwa ajili ya filamu za The Lord of the Rings. Jina la mji huo linafanana na lile la Tunisia, lakini ni mahali pengine kabisa. Nyumba zilikuwa 39, zenye milango ya mviringo. Baada ya filamu walianza kuzibomoa, mvua ikawasimamisha. Zikabaki kuta 17 tupu. Hata hizo kuta tupu watu walitaka kuziona! Mwaka 2002 matembezi ya kulipia yakaanza. Mwaka 2009 kijiji kilianza kujengwa upya kwa vifaa vya kudumu, kwa ajili ya filamu nyingine. Kondoo wangali wanafugwa shambani humo, na wageni wanalipa.

Hapo pana jambo la kuangalia. Anachokiona mgeni leo sicho kile kilichopigwa katika filamu za kwanza. Ni mfano wake. Sisi hatuoni ubaya, mradi mgeni aambiwe.

Jirani zetu wa Kenya nao wana jambo kama hilo, ingawa filamu yao si ya majoka. Karibu na Nairobi ipo nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa huko na kuondoka mwaka 1931. Filamu ya maisha yake, Out of Africa, ilitoka mwaka 1985. Mwaka uliofuata nyumba yake ilifunguliwa kuwa makumbusho. Ndani yake kuna vyombo vyake mwenyewe, na kuna vitu vilivyotumika katika filamu. Kwa macho huwezi kutofautisha kiti alichokalia yeye na kiti cha mwigizaji. Kinachotofautisha ni maandishi.

Kuvitunza vitu nako kuna kazi. Jua hupausha rangi ya nguo. Unyevu huleta ukungu. Mchwa hula mbao, na mende na nondo hawaachi ngozi wala sufu. Hata mikono ya wageni huchakaza, kwani jasho na mafuta hubaki. Kwa hiyo kitu huwekwa mahali pakavu, penye kivuli, na mgeni hutazama bila kushika.

Hapa Hanang tunazo sketi za ngozi za akina mama wa Kibarbaig, na ni vitu vya kweli. Anayetaka kuionyesha sketi ya bibi yake aandike kikaratasi na kukiweka kando yake: jina la kitu, nani aliishona, ilishonwa lini, ilivaliwa wakati gani. Mistari minne inatosha. Na kama imeshonwa mwaka huu ili wauziwe wageni wanaokuja kupanda Mlima Hanang, basi aandike hivyo hivyo: "Mpya, ya kuuza."