Bakteria wa udongoni wanaozaa mawe

Mkulima aliyewahi kumwaga urea kwenye udongo wenye unyevu bila kuifukia anaijua ile harufu kali inayochoma pua. Ni amonia. Bakteria wa udongoni wana kimeng'enya kiitwacho urease, nacho huivunja urea na kuipoteza hewani mbolea iliyonunuliwa kwa fedha. Ndiyo maana mabwana shamba husisitiza ifukiwe. Kazi hiyohiyo, ikifanyika mahali penye kalsiamu ya kutosha, huzaa jiwe.

Urea inapovunjika, hutoka amonia na kaboneti, na maji yanayowazunguka bakteria hupanda hadi pH 9 hivi. Ngozi ya bakteria ina chaji hasi, kwa hiyo huvuta kalsiamu. Kalsiamu ikikutana na kaboneti, fuwele huanza kuota juu ya mwili wa bakteria mwenyewe hadi zimfunike kabisa. Madini hayo ni kalsiamu kaboneti, yaleyale yaliyomo kwenye matumbawe, ganda la yai na mawe ya chokaa. Yakiota pale chembe mbili za mchanga zinapogusana, huzigandisha pamoja. Maabara nyingi humtumia bakteria aitwaye Sporosarcina pasteurii, ingawa hayuko peke yake: mwaka 1973 makala katika jarida la Nature ilionyesha kuwa bakteria wengi wa udongo wana uwezo wa kutengeneza fuwele hizo.

Afrika ina mfano wake. Oktoba 2018, Dyllon Randall na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Suzanne Lambert na Vukheta Mukhari, walionyesha tofali lililotengenezwa kwa mkojo wa binadamu. Mkojo ulikusanywa vyooni, ukachanganywa kwanza na chokaa ili urea isivunjike mapema. Hapo fosfeti ilijitenga ikawa mbolea. Maji yaliyobaki yalipitishwa kwenye mchanga wenye bakteria ndani ya kalibu, na baada ya siku chache mchanga ukawa tofali, bila tanuri wala gogo moja la kuni. Kadiri bakteria walivyoachwa muda mrefu zaidi, ndivyo tofali lilivyozidi ugumu.

Tofali moja hula lita 25 hadi 30 za mkojo, kiasi ambacho mtu mmoja hukitoa kwa karibu wiki tatu. Hakuna mji utakaojengwa kwa hesabu hiyo. Hata hivyo naiona kazi ya Cape Town kuwa ya maana kuliko nyingi za aina yake, kwa sababu imegusa penye tatizo. Urea ya kiwandani hutengenezwa kwa gesi asilia na nishati nyingi, na kila molekuli yake ikivunjika huacha molekuli mbili za amonia. Anayemwaga mabaki hayo mtoni anachafua maji, hata kama tofali lake linaitwa la kijani. Cape Town waliipata urea bila kiwanda, na mabaki nayo waliyapangia kazi ya mbolea.

Wengine wametafuta viungo vya bei nafuu. Badala ya kalsiamu ya dukani hutumiwa maganda ya mayai: yasage, yatie kwenye siki, yatatoa povu jingi, na maji yanayobaki yamejaa kalsiamu iliyo tayari kutumika. Povu hilo ni hewa ya ukaa, kwa hiyo asije mtu akatuambia njia hii haitoi hewa hiyo hata kidogo. Urease nayo hupatikana kwenye soya na mbegu za tikiti maji zilizosagwa, zikalowekwa na kuchujwa. Hapo bakteria hahitajiki tena. Kule Arizona, Marekani, watafiti waliongeza unga wa maziwa yasiyo na mafuta, na mchanga ukapata nguvu kubwa kwa madini kidogo tu.

Kwa pwani yetu, faida ninayoiona iko kwenye kuta za kale. Majengo ya Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe ni matumbawe na chokaa. Yakipigwa plasta ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani na ukuta huanza kumomonyoka. Bakteria huweka madini ya jamii moja na ukuta wenyewe. Ufaransa ilishaijaribu njia hii mwaka 1993 kwenye mnara wa kanisa mjini Thouars. Kwetu kuna chumvi ya bahari na joto, kwa hiyo hatuwezi kunakili tu.

Vyuo vyetu vikuu na idara za mambo ya kale vianze na vipande vilivyokwishaanguka, si kuta zilizosimama. Vitumie soya na maganda ya mayai ya hapa, vipime nguvu ya jiwe, kina cha fuwele na amonia inayobaki, kisha vichapishe matokeo kwa Kiswahili ili mafundi wa chokaa wayasome.